Carte ya Mutsamudu

Bourhane Msa alifungwa kwa kusema kweli, na kila alipoirudia kweli hiyo, komeo lilisukumwa ndani zaidi. Hilo ndilo jambo la kwanza Inspekta Dhoihir Madi aliloliandika katika daftari lake Jumanne asubuhi, mwaka huo wa 1988, hata kabla hajamwona Bourhane mwenyewe. Aliliandika kwa sababu alizoea kinyume chake. Mtu hudanganya mara tatu, mara nne, kisha huchoka, na kweli ikamponyoka. Huyu alikuwa akisema neno lilelile tangu Jumamosi.

Neno lenyewe lilikuwa *carte*.

Kapteni Delmotte alilitamka kwa kulivuta, huku ameketi juu ya meza ya Dhoihir badala ya kiti alichowekewa. Alikuwa mmoja wa wale askari wa kukodiwa walioingia Moroni, mji mkuu wa Komoro, mwaka 1978, wakapindua serikali moja na kubaki kuilinda ile waliyoiweka. Miaka kumi ilikwisha pita na bado hapakuwa na mlango mjini waliopaswa kuubisha.

"Soma," alisema, akaweka simu ya maandishi mezani.

Dhoihir alisoma. CARTE YA ZAMANI NI KIPOFU. CARTE MPYA IKO TAYARI. INAONA KILA KITU HATA NUKTA. NJOO UICHUKUE KABLA YA IJUMAA. MOINDJIE, MUTSAMUDU.

"Imepita posta wiki mbili zilizopita, na mtu wetu kaigundua Jumamosi tu," alisema Delmotte. "Imetumwa kwa Bourhane Msa, fundi wa mashine katika ofisi ya chanjo ya Magoudjou. *Carte*, Inspekta. Ramani inayoona kila kitu. Kuna kitu gani cha kuonwa katika visiwa hivi, kama si kambi yetu?"

"Mmepoteza ramani?"

"Tumezihesabu, zote zipo. Kwa hiyo wamenakili." Aliingiza mkono mfukoni akatoa kifutio cha waridi, kile cha watoto wa shule. "Kilikuwa mezani kwake. Kigeuze."

Dhoihir alikigeuza. Upande mmoja ulikuwa na mistari myeusi, myembamba, iliyonyooka, iliyopangana kwa nafasi sawa kama meno ya chanuo.

"Mistari ya vipimo vya ramani," alisema Delmotte. "Mtu kachora, kakosea, kafuta."

"Na penseli?"

"Penseli gani?"

"Ya kuchorea. Mlipata kifutio. Penseli mliipata wapi?"

Delmotte aliweka kitu cha mwisho mezani, skrubu ndogo yenye kutu kichwani. "Hii ilikuwa mfukoni mwa shati lake. Haituhusu. Nakupa mpaka Alhamisi alasiri unipatie huyo Moindjié na hiyo ramani. Ukishindwa, namhamishia Bourhane kambini nikamwulize mwenyewe."

Dhoihir alikuwa akimjua mshona viatu wa Ntsoudjini aliyehamishiwa huko mwaka uliopita. Alirudi baada ya siku nne, na mpaka leo mkewe humlisha kwa kijiko.

Alichukua vitu vitatu, akaandika saa, akatelemka chumba cha chini.

Bourhane alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, na mkono wa kushoto uliovimba mpaka vifundo havionekani. Aliketi sakafuni amenyoosha miguu kama mtu anayesubiri boti iliyochelewa.

"*Carte* gani?" Dhoihir aliuliza bila salamu ya pili.

"Ya kompyuta."

"Iko wapi?"

"Ndani ya kompyuta. Niliwaambia. Wakaenda kukusanya disketi zote, wakatafuta ramani humo."

"Ungewaambia kwamba si ramani."

"Niliwaambia, Bwana Inspekta. Lakini jaribu mwenyewe kwa Kifaransa uone inavyosikika. Niliwaambia: si *carte*, ni *carte*. Mzungu akaniuliza kama namfanyia mzaha." Aliuinua ule mkono. "Hili ndilo jibu."

Dhoihir aliuma ncha ya kalamu. Aliiandika sentensi ile kama ilivyo, akaitazama. Kwa Kifaransa ramani ni *carte*, karata za kuchezea ni *carte*, kitambulisho ni *carte*, cheti cha chanjo cha mtoto nacho ni *carte*. Wazungu walikuwa wamechagua moja.

"Na sisi kwa Kingazija tunaitaje hiyo ya kompyuta?"

"Karti. Tumekopa hukohuko."

"Hatuna neno letu?"

"Tungekuwa nalo nisingekuwa hapa."

"Skrubu ya nini?"

"Ya karti. Walinikuta sijaikaza. Mwulize Nouriat, karani wa pale. Akikubali kusema."

---

Ofisi ya chanjo ya Magoudjou ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la vitambaa. Katika chumba cha kwanza akina mama walikaa na watoto. Katika cha pili palikuwa na kabati, mashine ya kuchapia, na kompyuta ya rangi ya maziwa yaliyolala, yenye kioo kinachowaka kijani. Nouriat Aboudou alikuwa anapanga vyeti. Hakuinuka.

"Wewe ni wa nne," alisema.

"Watatu wa kwanza walikuuliza nini?"

"Ramani. Walitazama hata chini ya zulia. Hatuna zulia, ni mkeka wangu wa kuswalia."

"Na ukawajibu nini, bweni?" aliuliza, kwa neno la huko la kumwita bibi kwa heshima.

"Kila aliyejibu amemwongezea Bourhane kosa. Kwa hiyo nimepunguza maneno. Nimebakisha matatu: ndiyo, hapana, sijui."

"Basi nitumie hayo. Bourhane aliifungua mashine hii?"

"Ndiyo."

"Kwa ruhusa?"

"Hapana."

"Aliweka nini ndani?"

Nouriat alifikiri ni lipi kati ya maneno yake matatu lingefaa. Hakulipata. "Una Kingazija cha ajabu," alisema. "Kama kimepikwa na mchele wa Kimalagasi."

"Nimezaliwa Mahajanga."

"Sabena?"

"Sabena." Ndilo jina walilopewa watu waliorudishwa kutoka Madagaska mwaka 1977 baada ya mauaji, kwa jina la ndege zilizowabeba. Wengine walilichukia. Dhoihir alikuwa ameshalizoea, kama mtu anavyozoea kovu. "Nisogezee taa."

Hakuigusa mashine. Aliizunguka kwanza, akapiga magoti nyuma yake. Palikuwa na vibati vitano vyembamba vilivyosimama wima, kila kimoja kimeziba upenyo wake, na nyaya zikichomoza katika baadhi yao. Hewa ya Moroni haiachi chuma kikiwa na rangi yake. Vibati vinne vilikuwa vya kahawia. Cha tano kiling'aa kama kijiko kipya.

"Hiki ni kipya," alisema.

"Hapana."

Aligeuka kumtazama. Nouriat hakuwa anakataa tu. Alikuwa anamsahihisha.

"Ni cha zamani?"

"Ndiyo."

"Lakini hakina kutu." Alijipangusa magoti. "Fungua."

"Bisibisi zimechukuliwa."

"Kisu cha maembe unacho. Nimekiona juu ya kabati."

Hapo Nouriat aliinuka. Alizima mashine, akachomoa waya ukutani, akafungua skrubu tano za nyuma kwa ncha ya kisu, kila moja akiiweka katika kisosi cha kahawa. Alivuta mfuniko mbele, ukatoka kwa mlio wa sufuria. Dhoihir alipoinyoosha mikono yake ndani, Nouriat akampiga kofi jepesi kiganjani.

"Gusa bati la ubavuni kwanza."

"Kwa nini?"

"Mwili una umeme wake. Humo ndani mna vitu vinavyokufa kwa cheche usiyoiona."

Aligusa bati. Ndani palikuwa na mabamba ya kijani yamesimama kama vitabu rafuni. Juu ya kile kibati kinachong'aa palikuwa na tundu tupu. Dhoihir alitoa skrubu ya Delmotte, akaizungusha kwa kidole. Iliingia bila ubishi.

"Inamhusu nani sasa?" alisema kwa sauti ndogo, akaitoa tena.

Nouriat alishika lile bamba kwa pembe zake mbili, akalitikisa mbele na nyuma taratibu, kama mtu anayeng'oa jino la mtoto. Lilitoka. Lilikuwa refu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole, na kwenye ukingo wake wa chini palikuwa na meno ya dhahabu, membamba, yaliyonyooka, yenye nafasi sawa.

Dhoihir alitoa kifutio, akakilaza juu ya meno yale. Kila mstari mweusi ulikaa juu ya jino lake.

"Dhahabu yenyewe haili kutu," alisema Nouriat, aliyekuwa amesahau kwamba ana maneno matatu tu, "lakini hewa hii huipaka ukungu. Picha ikaanza kutetemeka. Jumamosi Bourhane akaitoa, akaisugua kwa kifutio, akairudisha. Wakaingia kabla hajakaza skrubu."

"Kwa hiyo hapakuwa na penseli."

"Penseli gani?"

"Si kitu. Hii inafanya kazi gani?"

"Kompyuta hufikiri gizani. Hii ndiyo inayochora kiooni yale iliyoyafikiria." Alifungua droo, akatoa bamba jingine, fupi, lenye kibati chenye kutu. "Na hii ndiyo ya zamani, iliyokuja na mashine. Hii haichori. Ina herufi zilizochomwa ndani yake kiwandani, zile za Kifaransa na vialama vyake, basi. Huwezi kuiongezea hata nukta."

"Kipofu," alisema Dhoihir.

"Kipofu. Ile mpya inachora nukta moja moja, popote unapotaka. Kwa hiyo herufi yoyote unayoijua kwa mkono, inaijua."

"Ulihitaji herufi gani?"

Nouriat alirudisha bamba mahali pake, akalisukuma mpaka likakaa kwa mlio mdogo, akamnyooshea mkono. Dhoihir alimpa skrubu. Nouriat alipowasha, mashine ilikohoa, ikasoma disketi iliyokuwa mdomoni mwake.

"Walichukua disketi kumi na moja," alisema. "Hii ya kumi na mbili ilikuwa ndani. Hawakuangalia mdomoni."

Kioo kikawaka. Nouriat aligonga vidole, na maandishi ya kijani yakaanza kutokea upande wa kulia na kukimbilia kushoto, yameshikana mikono, na nukta zake juu na chini. Herufi za Kiarabu. Dhoihir alisogea. Aliyajua maandishi hayo kutoka chuoni Mahajanga, kwa bakora ya mwalimu. Lakini alipoyasoma hayakuwa Kiarabu. Yalikuwa Kingazija: *Mama, mlete mtoto Jumatatu ya kwanza baada ya mwezi kuandama, achanjwe surua.*

Aliyasoma kwa sauti. Katika chumba cha kwanza mama mmoja akaitikia kwa mazoea, "Inshallah."

"Vyeti vyetu ni vya Kifaransa," alisema Nouriat. "Akina mama wanavikunja, wanavihifadhi kwenye sanduku pamoja na dhahabu, na wanakosea siku. Mwaka jana wa Mvouni walikuja wiki nzima baada ya dawa kuisha. Surua ikapita kule. Watoto tisa." Alionyesha kioo kwa kidole. "Mama yangu anasoma tangu ana miaka saba. Barua zake zote ameandika mwenyewe, kwa herufi hizi. Katika daftari la ofisi hii ameandikwa: hajui kusoma."

Dhoihir aliandika. Kisha akaomba mashine izimwe tena, akaomba bamba litolewe tena, na Nouriat akamtazama kama mtu anayerudishiwa sahani isiyooshwa.

"Kuna jambo moja sijalimaliza," alisema. "Umesema si kipya." Alilielekeza kwenye taa. Pembeni palipigwa chapa ya mwaka: 1984. "Miaka minne, na kibati hakina hata doa. Kimekaa wapi? Si katika hewa hii. Kimekaa penye kiyoyozi, mchana na usiku. Bweni, katika visiwa hivi kiyoyozi kisichozimwa kiko wapi?"

Dhoihir aligeuza bamba. Nyuma, penye risasi za kuunganishia, palibandikwa kikaratasi cha kijivu chenye muhuri. Alikuwa ameuona muhuri huo asubuhi ile, kwenye karatasi ya simu aliyoiweka Delmotte mezani.

"Imetoka kambini," alisema.

"Bourhane alisema imetoka kwa Moindjié."

"Alijua ilikotoka kabla ya hapo?"

"Sijui."

"Hiyo ndiyo 'sijui' ya kwanza niliyoiamini leo." Alifunga daftari. Saa mbili zilizopita alikuwa na mtu aliyefungwa kwa ramani isiyokuwepo. Sasa alikuwa naye kwa kitu cha kambi kilichokuwepo kweli. "Irudishe. Usimwonyeshe mtu mgongo wake."

---

Jumatano ndege ndogo ilimshusha kisiwa cha Nzwani saa nne asubuhi, na saa tano alikuwa katika vichochoro vya Mutsamudu, ambako ukinyoosha mikono yote miwili unagusa nyumba za watu wawili wasiopatana. Kina Moindjié walikuwa wengi. Moindjié mwenye nukta na vipofu alikuwa mmoja tu: fundi wa redio, katika chumba chenye harufu ya risasi ya moto ya kuunganishia nyaya na ya mlangilangi, kwa kuwa jirani yake alikuwa anakausha maua.

"Kwezi," alisema Dhoihir, kama inavyosemwa kule kwa mtu aliyekuzidi umri.

"Mbona," aliitikia Moindjié bila kuinua macho kutoka kwenye redio aliyoipasua tumbo. "Adabu ya Nzwani, ulimi wa Ngazija, pua ya askari. Kaa, lakini si juu ya hiyo, ni televisheni ya kadhi."

Dhoihir alibaki amesimama. Alimwonyesha nakala ya simu.

"Maneno yangu hayo," alisema Moindjié. "Yana kosa gani?"

"Yana neno *carte*."

"Sasa niandike nini?"

"Wazungu wa kambi wamesoma ramani. Bourhane yuko ndani tangu Jumamosi. Kesho alasiri watamchukua."

Chuma cha moto cha kuunganishia nyaya kilibaki hewani. Moindjié alikirudisha kwenye kishikio chake pole pole, akajifuta mikono. "Nilijifunza redio Unguja," alisema. "Waswahili wana kadi na wana ramani. Maneno mawili, kila moja na nyumba yake. Yule mzungu angejua Kiswahili, Bourhane angelala kwao."

"Waswahili hawapo. Nipo mimi. Karti uliyompa ina muhuri wa kambi."

"Lazima iwe nao. Imetoka kambini."

"Fundi, hilo ndilo linaloniua. Imetokaje?"

"Kwa mlango wa mbele. Aliileta mwenyewe mzungu, yule mwenye nywele za mkonge. Delmotte." Moindjié alianza kucheka kwa pua. "Alikuja huku kupumzika, na kompyuta yake kwenye gari. Ana mchezo humo wa ndege za vita. Akaniambia, Moindjié, kila kitu ni kijani, nikimpiga mtu simwoni akiungua. Alikuwa ameletewa karti ya rangi kutoka Paris, hajui kuitia. Nikamtilia. Ile ya zamani akasema, tupa. Mimi situpi."

"Nani alikuwepo?"

"Mimi, yeye, na moto kwenye ndege."

"Basi ni neno lako na lake."

"Ndiyo maana nina hii." Moindjié alivuta debe la biskuti kutoka chini ya meza, limejaa karatasi. "Zamani mjane mmoja alisema nimemwibia redio aliyonipa mwenyewe. Tangu siku hiyo sipokei hata msumari bila maandishi. Watu wananicheka. Mzungu naye alicheka, lakini aliandika, kwa sababu sikumwashia mashine mpaka alipoandika."

Alitafuta. Dhoihir alisimama akimtazama akitoa karatasi moja baada ya moja, za pasi, saa, gramafoni, mpaka akafikia nusu karatasi yenye mwandiko uliolalia kulia na sahihi ndefu. Ilikuwa ya Kifaransa. Dhoihir aliisoma mara mbili, kisha akaketi juu ya televisheni ya kadhi.

"Twende kwa mwenye televisheni hii," alisema alipoinuka. "Nataka nakala, na muhuri wake juu ya nakala."

---

Alhamisi, adhana ya alasiri ilipokuwa inamalizika, Kapteni Delmotte aliingia ofisi ya chanjo akiwa na askari wawili. Dhoihir alikuwa ameomba wakutane hapo. Bourhane aliketi kwenye benchi la akina mama, mkono umeninginizwa shingoni kwa leso, kati ya polisi wa kituoni na mwanamke aliyekuwa ananyonyesha na ambaye hakukubali kuhama.

"Ramani," alisema Delmotte.

Dhoihir alimwonyesha mashine iliyofunguliwa. Alimpa kifutio akilaze mwenyewe juu ya meno ya dhahabu. Alimpa skrubu aizungushe mwenyewe. Delmotte alifanya yote mawili, na uso wake ulibadilika kidogo tu, kama mtu anayetambua kiatu chake kwenye mguu wa mwingine.

"Basi ni kipande cha mashine," alisema. Kisha akakigeuza, akaona muhuri. Akatabasamu. "Kipande cha mashine cha kambi. Wizi wa mali ya jeshi. Umefanya kazi nzuri, Inspekta. Mchukueni."

Askari mmoja alipiga hatua. Dhoihir alifungua daftari, akachomoa karatasi.

"Kabla ya hapo nisomee mwandiko huu, Kapteni. Macho yangu ni ya Mahajanga."

Delmotte aliichukua, akaisoma.

"Basi nitaisoma mimi," alisema Dhoihir, macho kwenye daftari alimoinakili. "Mimi, Delmotte, nimemkabidhi Moindjié, fundi wa Mutsamudu, *carte* moja ya zamani. Haina kazi tena kwetu. Na sahihi. Sasa nisaidie niandike ripoti yangu. Kama *carte* ni ramani, basi aliyetoa ramani ya kambi ni wewe, na kwa maandishi. Kama *carte* ni hiki kipande, basi ulikitoa kwa hiari yako, na huyu hajaiba kitu. Niandike ipi?"

Mtoto alilia, akatulizwa. Delmotte aliikunja karatasi, akaitia mfukoni.

"Hiyo ni nakala," alisema Dhoihir. "Ina muhuri wa kadhi nyuma. Nyingine ilimfikia mwendesha mashtaka saa sita mchana. Halisi iko kwenye debe la biskuti."

Delmotte alitazama askari wake, ambao walikuwa wamegundua ghafla kwamba dari ina nyufa. Alinyoosha mkono. Dhoihir alimpa fomu ya kumwachia mfungwa, iliyokwisha jazwa, na kalamu. Delmotte alisaini kwa sahihi ndefu ileile.

Polisi alimwachia Bourhane bega. Bourhane hakuinuka mara moja. Aliitazama mashine kwanza, kama imekazwa.

Delmotte alifika mlangoni, akasimama. Haikuwa rahisi kwake kutoka hivyo, mbele ya akina mama kumi na wawili.

"Lakini hii ni mashine ya serikali," alisema, akimnyooshea Nouriat kidole. "Imefunguliwa bila ruhusa, na hilo limesemwa katika maelezo yenu wenyewe. Bibi huyu ndiye mwenye dhamana nayo. Ataandika barua ya kuomba radhi. Hapa, sasa hivi, kwa mashine hiyohiyo, nami nitaondoka nayo. La sivyo kesho nitaleta shtaka jingine, na hilo halitakuwa na neno la Kifaransa lenye maana mbili."

Dhoihir alitaka kusema. Nouriat alikuwa ameshaketi, ameshagusa bati la ubavuni, ameshawasha. Kioo kikawaka. Aligonga vidole bila haraka, na herufi zikatoka kulia kwenda kushoto, mstari mmoja, kisha mwingine chini yake. Akabonyeza. Mashine ya kuchapia ilikwaruza huko na huku, ikatema karatasi. Nouriat aliichana kwenye vitundu vyake, akaifuta vumbi, akampa Kapteni kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa.

Delmotte aliigeuza juu chini, akaigeuza tena. Nyuma yake yule mwanamke aliyekuwa ananyonyesha alinyoosha shingo, akasoma, akajifunika uso kwa leso. Wa pili akasoma. Mabega yakaanza kutikisika benchi zima.

"Ni ya kuomba radhi?" Delmotte alimwuliza Dhoihir.

"Mwulize aliyeiandika, Kapteni. Yupo."

"Umeandika nini?"

"Siombi radhi," alisema Nouriat. "Nimeiandika mara mbili, juu kwa Kingazija na chini kwa Kinzwani, asije mtu akasema hakunielewa."